Mwalimu wa Namba Tasa

Mwalimu wetu wa hisabati hakuwahi kumchapa mtoto, na ndiyo sababu tulimwogopa kuliko walimu wote waliochapa. Fimbo ya mwalimu wa zamu unaijua: inakuja, inauma, inapita, na mchana mnacheza. Yeye alikuwa anakuja nyuma ya dawati lako na kusimama. Hasemi kitu. Unasikia harufu ya sabuni ya mche kwenye gauni lake, unasikia anavyopumua, na mkono wako unaanza kuandika mambo ambayo kichwa hakijayatuma. Siku moja niliulizwa saba mara nane, nikaandika jina langu mahali pa jibu. Sitanii. Aliendelea kusimama hapo hapo mpaka nilipolifuta.

Jina lake sitalitaja, na si kwa heshima tu. Huku kwetu Mabawe hakuna aliyelitumia. Mwanamke akishazaa anakuwa Mama Fulani, na lile jina alilokuja nalo kutoka kwa baba yake linawekwa kabatini. Yeye hakuwa na mtoto wa kumpa jina, kwa hiyo akabaki Mwalimu. Sokoni ni Mwalimu, kanisani ni Mwalimu, hata mawifi zake walimwita Mwalimu, na kwa sauti fulani ambayo nilikuja kuielewa nikiwa mkubwa. Utotoni nilidhani ni cheo. Nilimwonea wivu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa namba tasa. Siku hiyo kila mtoto alitakiwa kuja na konzi ya maharage. Alipita akigawa namba kwa kidole: wewe kumi na mbili, wewe kumi na tatu, wewe ishirini na tisa. Kisha amri moja: "Panga mistari iliyo sawa." Mwenye kumi na mbili alikuwa na bahati, maana alipanga miwili ya sita, mitatu ya nne, akamaliza akawa anatafuna punje mbichi kwa siri. Mwenye kumi na tatu alipanga mpaka jasho likamtoka, kila mara harage moja linabaki pembeni. Mwalimu hakumwambia kwamba haiwezekani. Alisema tu, "Panga tena."

Namkumbuka binti mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, aliyepewa ishirini na tisa. Alipanga na kupangua huku machozi yanadondokea maharage. Mwishowe akajikaza.

"Mwalimu, haiwezekani."

"Umejaribu kwa ngapi?"

"Mbili, tatu, nne, tano."

"Nne ya nini, na mbili imeshashindwa?"

Binti akapangua mistari ya nne.

"Tano mara tano?"

"Ishirini na tano."

"Sita mara sita?"

"Thelathini na sita."

"Imepita ishirini na tisa. Basi huna haja ya kwenda mbele. Ina vigawo viwili tu, moja na yenyewe. Futa machozi."

Ndivyo alivyofundisha. Kwanza unaogopa, halafu unajua, na mimi mpaka leo sijaweza kuvitenganisha hivyo viwili. Nami ni mwalimu sasa, nafundisha hesabu hizo hizo, na kila nikiandika namba tasa ubaoni kiganja kinatoa jasho, chaki inalowa.

Alikuwa na namba aliyoichukia kama mtu. Tisini na moja. Unaigusa kwa mbili, inakataa. Kwa tatu, inakataa. Kwa tano, inakataa. Mtoto anapumua, anaandika "tasa", na Mwalimu anakuja kusimama nyuma yake, maana alisahau kuigusa kwa saba: saba mara kumi na tatu, tisini na moja. "Huyu ni mnafiki," alikuwa akisema. "Anakaa benchi la mbele kanisani, lakini ana wake wawili nyumbani." Hatukuelewa benchi la kanisani limeingiaje kwenye hesabu. Tuliandika hivyo hivyo kwenye madaftari.

Watoto wa kwetu huchanganya r na l, na yeye jambo hilo halikumpa usingizi. Aliyeandika "mstali" alirudishiwa daftari lote, hata kama hesabu zote ni sahihi. Lakini yeye mwenyewe alipokasirika kweli kweli, alisema "mbiri". Gawanya kwa mbiri! Hapo darasa zima liliganda. Hakuna aliyethubutu kucheka, wala hakuna aliyethubutu kumgusa mwenzake kwa kiwiko. Ile r moja ilitutisha kuliko fimbo kumi.

Na huyo huyo aliogopa radi. Mvua za kwetu zinapokuja na ngurumo, mabati yanalia mpaka hamsikilizani. Yeye alikuwa anaweka chaki chini, anakaa kwenye kiti, anageukia ukuta na kuficha mikono kwapani. "Endeleeni," anasema, bila kutuangalia. Watoto tisini tunamwona mwalimu wetu anatetemeka mabega na tunajifanya tunaandika. Ngurumo ikiisha anasimama, anafuta ubao ambao haukuwa na kitu, anaendelea alipoishia.

Aliogopa pia watoto wachanga. Au niseme ukweli: watu walimfanya awaogope. Mama yangu, ambaye ni mtu mwema, tulipokutana na Mwalimu njiani alikuwa anavuta kitenge na kumfunika mdogo wangu uso. Kina mama wengi walifanya hivyo. Walisema kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini, kwamba jicho la mwanamke asiyezaa lina njaa. Mwalimu alijua. Alikuwa anahamia upande wa pili wa njia mapema, kabla hatujafika, akawa kama anatazama migomba. Niliwaogopa wote wawili hapo, mama na Mwalimu, bila kujua naogopa nini.

Sasa nifike kwenye mchezo wa kusimama, maana bila huo hamtanielewa.

Alitutoa uwanjani tukajipanga. Kila mtoto alipewa namba, kuanzia moja. Moja aliwekwa pembeni peke yake. "Wewe una kigawo kimoja tu. Tasa ana viwili. Hauko huku wala kule, kaa uangalie." Kisha akaita, "Mbili abaki. Wengine wote wanaogawanyika kwa mbili, chuchumaeni." Nusu ya uwanja ikashuka. "Tatu abaki. Wanaogawanyika kwa tatu, chini." Wakashuka tena. Tano. Saba. Mimi nilikuwa thelathini na saba. Kila alipoita, nilifunga macho nikihesabu kwa vidole, roho mkononi, na kila mara sikuguswa. Alipomaliza, tuliobaki tumesimama tulikuwa wachache, mmoja huku, mmoja kule, kati ya vichwa vilivyochuchumaa.

Akapita katikati yetu taratibu. "Hawa ndio," akasema. "Mbili amepita, tatu amepita, tano amepita, saba amepita. Hakuna aliyewaweza. Hawa ndio tasa."

Alilitamka neno lile kama katekista anavyotamka mtakatifu. Akanigusa bega. Ndiyo mara pekee aliyowahi kunigusa, na kwa wiki nzima nilijiona mrefu.

Nyumbani sisi tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani, na kila neno tulilijua kwa kazi ile moja tuliyofundishwa. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili angejua kwamba tasa lilikuwepo kabla ya hesabu, na linatumika wapi, na linauma vipi. Mimi nilijua mwanamke asiyezaa ni ingumba, basi. Tasa nilijua ni mtu aliyeshindikana, aliyebaki amesimama.

Nilikuwa darasa la sita ilipofika siku ya mahafali ya darasa la saba, nikachaguliwa kusoma neno la wanafunzi wanaobaki. Niliandikiwa na mwalimu wa zamu, maneno yale yale ya kila mwaka, kuwashukuru wazazi, kumshukuru mgeni rasmi, kuwatakia wenzetu heri. Nikanakili kwa mwandiko wangu mzuri. Mwishoni palibaki nafasi, na mimi nilitaka kumfurahisha mtu mmoja tu katika mkutano ule. Nikaongeza sentensi zangu mbili. Karatasi ikaachwa ofisini ipitiwe, asubuhi nikaichukua.

Uwanja ulijaa. Wazazi kwenye mabenchi, walimu kwenye viti vya plastiki, mume wa Mwalimu na dada zake wawili safu ya pili. Nilisoma vizuri, sikukwama. Nikafika kwenye zangu, nikainua sauti.

"Mwalimu wetu wa hisabati ni tasa. Hagawanyiki kwa mtu yeyote, ila kwa yeye mwenyewe na kwa Mungu aliye mmoja."

Wa kwanza kucheka walikuwa wale wenye Kiswahili kingi. Mgeni rasmi aliweka leso mdomoni. Wafugaji wa nyuma walipigana mabega. Kina mama wa kwetu waliulizana amesema nini, amesema nini, na nikaona neno likipita benchi hadi benchi, ingumba, ingumba, na kila benchi likilipokea linageuza shingo kumtazama Mwalimu. Mama yangu aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake. Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia, nilijua kwa kuona shingo zikigeuka.

Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Alitazama safu ya pili kwa muda. Halafu akapiga makofi, peke yake, mara tatu, na akaacha.

Nilijikojolea. Ni jambo la aibu kuandika nikiwa na umri huu, lakini nimeamua kusema kweli yote.

Jumatatu nilitapika kabla ya kwenda shule, mama akanipeleka hivyo hivyo. Kipindi cha pili Mwalimu aliingia, akatoa zoezi, akaja nyuma ya dawati langu na kusimama. Sabuni ya mche. Pumzi. Nilisubiri. Sijui ni dakika ngapi, kwangu ni mwaka. Kisha akasema, "Endelea," akaenda kwa mwingine. Hakulisema jambo lile siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwaka mzima uliobaki. Kila siku nilikwenda nikijua leo ndiyo leo, na haikuwa.

Lakini nje ya darasa neno lilikuwa limeota miguu. Watoto waliimba wakimwona. Walevi kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, walimwita Mwalimu Tasa mbele ya mume wake. Na mimi nikiwa darasa la saba, katikati ya muhula, mume akaleta mwanamke mwingine kutoka Bugarama, akiwa na mtoto mgongoni. Mwalimu aliomba uhamisho, akahamia Biharamulo huko bila kuagwa na mtu. Dada wa mume alimwambia mama yangu, nikiwa nasikiliza nyuma ya mlango, "Binti yako alilisema lililokuwa limetushinda kusema." Alisema kama anashukuru. Mimi nilisikia hukumu.

Nikakua na hukumu hiyo. Nilipoolewa, mwaka wa kwanza ulipita sijashika mimba, na sikuwa na shaka hata kidogo: neno limerudi kwa mwenyewe. Mume wangu ni mtu wa utani, alisema, "Tulia, hata kahawa inasubiriwa." Nilicheka, nikaenda kulia chooni. Mimba ilipoingia niliogopa zaidi, nikijua itachukuliwa. Nina watoto wawili, wazima, wakaidi, na bado wakipata homa ya kawaida mimi nawaza uwanja ule.

Miaka michache iliyopita nilihamishiwa Bisibo, Biharamulo hiyo hiyo. Sikuhesabu kwamba Biharamulo ni kubwa lakini watu wanajuana. Mwalimu mwenzangu alisema siku moja, tukinywa chai, "Kuna mama mstaafu pale nyuma ya kanisa, mkali wa hesabu huyo. Watoto wakienda kwake wanarudi wamenyooka." Nikamwuliza mkali vipi. Akasema, "Hachapi. Anasimama tu nyuma yako." Chai ilinipalia.

Kuanzia siku hiyo nilibadili njia. Miezi minne nilizunguka kwenye mashamba ya mihogo, nikichelewa na kulowa viatu, nisipite nyuma ya kanisa. Mtu mzima, mwenye watoto, mwenye cheo cha mwalimu wa taaluma. Kisha mwenzangu yule akasema, "Yule mama hali si nzuri. Miguu imevimba, hatoki." Usiku huo sikuogopa kukutana naye. Niliogopa afe na neno langu.

Jumamosi nikabeba sukari kilo mbili na sabuni, nikapiga moyo konde.

Alikuwa amekaa kwenye kochi la mbao, miguu juu ya kigoda. Amekuwa mdogo. Nilipiga goti kidogo kama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama, kisha akanitaja kwa jina langu na la baba yangu. "Nilisikia uko hapa. Nikajua unapita kwenye mihogo. Kaa."

Nilikaa, nikashindwa na salamu zote nilizoandaa. "Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa lile neno la mahafali."

Hakujifanya amesahau. Akapandisha mguu vizuri kwenye kigoda. "Unadhani mume wangu aliniacha kwa sababu ya karatasi ya mtoto?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku ile unasoma, yule wa Bugarama alikuwa na mimba ya miezi sita. Mawifi walijua. Majirani walijua. Mama yako alijua. Mimi nilijua."

Nilitaka kulia kwa nafuu, nikaanza kabisa. Akainua mkono.

"Ngoja, sijamaliza. Ile karatasi niliisoma mimi. Jioni ya kuamkia siku ile, ofisini, wenzangu wameshaondoka. Ulikuwa umeandika 'mstali', nikasahihisha. Nikafika kwenye sentensi zako. Nikaziacha."

"Mwalimu, uliziona?"

"Niliziona. Nilijua hujui ulichoandika."

"Kwa nini hukuzifuta?"

"Miaka kumi na minne walikuwa wanalisema nikishapita. Nikataka walisemee mbele yangu, nimekaa, nione watanifanya nini. Darasani nilikuwa nalisema kutwa. Nje ya darasa sikuweza, niliogopa. Nikaona mtoto asiyeogopa, nikamwachia alibebe." Alitazama mikono yake. "Nilijua watakucheka. Niliona ulivyolowa gauni. Kesho yake nilitaka kukwambia, Jumatatu ile nilisimama nyuma yako nikitafuta maneno, yakanishinda. Halafu kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana. Nisamehe."

Ningepaswa kufurahi. Nilikasirika, na hasira ile ilinitisha mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimelala na jambo hili, nimeolewa nalo, nimebeba mimba mbili nalo, na mtu aliyeweza kuliondoa kwa sentensi moja alisimama nyuma yangu akasema endelea. Nikaificha mikono chini ya kitenge.

"Umenisamehe?" akauliza.

Ni mwalimu wangu. Ni mgonjwa. Adabu yote niliyofundwa ilitaka niseme ndiyo.

"Bado, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Afadhali. Ungesema ndiyo haraka hivyo nisingekuamini. Utarudi?"

"Nitarudi."

Nimerudi. Nakwenda kila Jumamosi sasa, kwa njia ya kanisa. Namkanda miguu kwa maji ya moto, namwandalia chai, ananisimulia makosa ya watoto aliowafundisha na mimi namsimulia ya wangu. Haponi, sote tunaona, uvimbe umefika magotini na sauti imepungua. Hasira ile iliisha kwenye mara ya tatu au ya nne, nilipokuwa namkausha vidole vya miguu, iliondoka tu yenyewe. Nimeshamsamehe. Lakini kila nikisimama kuaga, ananiuliza, na mimi nasema, bado, Mwalimu. Naye anasema, basi, nitakusubiri Jumamosi. Na mpaka sasa kila Jumamosi nimemkuta ananisubiri, ndiyo maana naogopa kumwambia ndiyo.